Sura ya Sita: Saa Kumi Usiku

Aliyeniita ni mke wa sajini. Alinisubiri kando ya Barabara ya Mombasa, pale Malili penye malori yanayolala, leso begani na mfuko wa muthokoi mkononi, kana kwamba ametoka sokoni tu. "Dada, njoo umwone baba watoto," alisema. "Lakini usimwambie ni mimi niliyekuita. Sema unapita nyumba kwa nyumba, kama wale wa chanjo." Nikamwambia siwezi kuanza na uongo, kwa sababu siku atakayougundua, na lazima ataugundua, hatatuamini tena, si mimi wala mkewe. Tukakubaliana amwambie mwenyewe, kwa wakati wake. Zikapita wiki tatu. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: "Amekubali. Njoo mchana, usije jioni."

Nilimkuta ameketi nje, kiti amekiegemeza ukutani, macho langoni. Aliinuka, akaniletea kiti mwenyewe. Akakiweka, akakitazama, akakisogeza hatua mbili upande wa kushoto. Nilipokaa ndipo nilipoelewa: nilikuwa nimewekwa mahali ambapo siwezi kumzibia lango.

Sikumuuliza habari za vita. Nilimuuliza analala saa ngapi.

"Saa nne. Saa tano hivi."

"Na kuamka?"

"Saa kumi."

"Kila siku?"

"Kila siku, hata Jumapili. Saa kumi usiku niko macho. Natoka nje, nazunguka boma mara mbili, nasimama pale kwenye tangi la maji mpaka kupambazuke. Halafu narudi kitandani kidogo."

"Tangu lini, mzee?"

Alivuta pumzi. "Tangu Somalia, daktari."

Mimi si daktari, na nilimwambia hivyo siku ileile. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kazi yangu ni afya ya akili, na kwa miaka kadhaa sasa wengi ninaowatembelea ni wanaume waliovaa sare. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaendelea kuniita daktari.

Katika kambi za vitani kuna desturi ya zamani. Kabla ya mapambazuko askari wote huamshwa, wakaingia kwenye mahandaki yao, bunduki mkononi, wakangoja mwanga uje. Sababu ni kwamba adui hupenda saa hiyo, giza likiwa halijaondoka na macho ya mlinzi yamechoka. Kambi ya Wakenya ya El Adde, huko Gedo, ilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Kambi ya Kulbiyow ilivamiwa mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, alfajiri vilevile. Kwa hiyo mtu aliyekaa kule miezi kadhaa, kisha akarudi akajenga nyumba ya mabati Malili, akiamka saa kumi na kuzunguka boma, mwili wake haujaharibika. Unatii amri iliyotolewa zamani, na hakuna aliyekuja kuifuta.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wengi, wakiwemo baadhi ya wenzangu, hudhani kazi hii ni kumfungua mtu kichwa na kutoa vita vilivyomo. Sivyo ninavyoiona mimi. Naiona kama kutafuta, pamoja naye, pamoja na mkewe, watoto wake, muuguzi na hata karani wa pensheni, jinsi ya kuifuta ile amri.

Kabla sijaenda mbali: huyu ninayemwita sajini si mtu mmoja. Nimechukua mambo ya wanaume watatu, nikabadilisha vyeo, umri na mahali wanapokaa, maana Malili ni padogo na kila mtu anajua lango la nani linafunguka kwenda wapi. Nilichoacha kama kilivyokuwa ni saa, na vile viti.

Malili yenyewe ni soko la barabarani. Iko katika Kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 60 kutoka Nairobi, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu mvua ikinyesha. Serikali ilinunua hapa ekari 5,000 za shamba la mifugo la Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na mwezi Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuweka jiwe la msingi. Tangu wakati huo watu wamenunua viwanja, na miongoni mwao ni wanajeshi waliostaafu. Sababu ni rahisi: bei ilikuwa nafuu kuliko Nairobi, kwao ni karibu, na kulikuwa na tumaini kwamba mji ukija, kiwanja kitakuwa mali. Wengine hufanya kazi ya ulinzi, wengine bodaboda, wengine wana duka la vifaa vya ujenzi au kuku mia mbili nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyewaambia kuhusu sauti. Lori lenye mzigo likipasuka tairi pale barabarani, mlio wake unafika nusu kilomita. Nilikuwa kwa sajini siku moja ilipotokea. Tulikuwa tunakunywa chai. Nilisikia mlio, na nilipogeuka kiti chake kilikuwa kitupu; alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tangi, mkono mmoja juu ya kisogo, mwingine ukipapasa ardhi kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kikombe kilikuwa bado kinazunguka kwenye sakafu. Mwanawe wa kidato cha pili alisimama mlangoni akamtazama. Sura ya mtoto ile sijaisahau, maana haikuwa na hofu wala mshangao. Ilikuwa na aibu.

Kwa mtoto huyo nilifanya kazi kabla ya kwa baba. Nilimweleza kwamba ubongo una sehemu ndogo inayofanya kazi ya mlinzi wa lango, na kwamba mlinzi huyu haulizi maswali: akisikia mlio hupiga kengele kwanza, mambo ya kufikiri yatakuja nyuma. Nikamwambia mlinzi wa baba yake alifunzwa na serikali kwa gharama kubwa, na ndiye aliyemrudisha nyumbani akiwa hai. Yule kijana akauliza, "Kwa hiyo si nduuka?" Nduuka ni wazimu kwa Kikamba, neno ambalo huku likimpata mtu linampata yeye, mkewe na wanaotaka kuoa kwake. Nikamwambia si nduuka. Wiki iliyofuata alikuwa ameshajifunza, lori likipiga mlio, kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tairi, baba." Neno moja. Sajini aliniambia baadaye kwamba neno lile lilimsaidia kuliko vidonge vya mwezi mzima. Vidonge pia vilimsaidia, na sipendi mtu asome hapa akaacha dawa zake.

Ukambani na bunduki ya serikali vina undugu wa zamani. Wakoloni waliwapachika Wakamba jina la watu wa vita, wakawasajili kwa wingi katika jeshi la Keya. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu ikidai inaokoa udongo, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Serikali ilimhamishia Lamu, lakini minada ya lazima ikasimama, na mojawapo ya mambo yaliyoitia serikali wasiwasi ni kwamba vijana wa nyumba hizohizo ndio waliojaza Keya. Mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza. Mnamo Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, zaidi ya nusu yao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua, matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin.

Waliorudi walipokelewaje? Walilipwa kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi; nyaraka zilizojulikana mwaka 2019 zilionyesha mzungu akipata hadi mara tatu ya mwafrika wa cheo kilekile. Na kama usingizi uliwakataa, hospitali ya akili ilikuwa moja, Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 na kuongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na J. C. Carothers. Daktari huyu aliamini kwamba mwafrika ni nadra kupatwa na huzuni ya kiugonjwa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo aliulinganisha ubongo wa mwafrika na wa mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kila nikiwaza jambo hili nakasirika upya. Wakati wazee wale wanarudi kutoka Burma, wanaamka usiku, wanakaa kimya shambani, mtu mwenye ufunguo wa hospitali pekee alikuwa na hakika kwamba maradhi yao hayawezi kuwapata. Wakamba walikuwa na neno lake muda wote: kyeva, simanzi inayokaa ndani ya mtu kama mgeni asiyeaga.

Basi wazee wakanyamaza, na wajukuu wakajifunza kwamba kunyamaza ndiyo hali ya kawaida ya mtu aliyetoka vitani. Nimekutana na mstaafu aliyeniambia, kwa fahari, "Babu yangu alipigana Burma na hakuwahi kusema neno." Nilimuuliza babu alikuwa analala wapi. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nje. Alikuwa analala nje ya nyumba, kwenye kiti."

Wapo pia ambao hakuna sherehe inayowataja. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi lote la Anga la Kenya lilivunjwa, na wanajeshi wake wengi wakafukuzwa, wakafungwa au kuteswa, hata wale ambao hawakushiriki. Miaka mingi baadaye baadhi yao walishinda kesi za fidia. Ukikutana na mzee wa namna hiyo kijijini, usimuulize kikosi chake mbele za watu. Hao wana jeraha la pili juu ya la kwanza, kwamba waliowatesa walivaa sare kama yao.

Jina la ugonjwa huu limebadilika kila vita. Mwaka 1915 daktari wa Kiingereza Charles Myers aliandika kuhusu mshtuko wa makombora. Mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam kupiga kelele kwa miaka, madaktari wa Marekani waliuingiza katika kitabu chao rasmi cha magonjwa ya akili. Kwa Kiswahili tunasema kiwewe, au mfadhaiko unaofuata kiwewe. Neno kiwewe nalipenda kwa kuwa halimlaumu mtu. Lakini kuna jingine ambalo kiwewe hakilifikii, na daktari Jonathan Shay, aliyewahudumia maveterani Boston, ndiye aliyelipatia nafasi katika mazungumzo ya leo: jeraha la dhamira. Hapo mtu haogopi kilichompata. Anaumia kwa alichokifanya, au kwa alichoamriwa asifanye wakati angeweza. Kiwewe husema, "Nitakufa." Jeraha la dhamira husema, "Sistahili kuwa hapa." Sajini alikuwa na yote mawili, nami nilichelewa kuliona la pili.

Nilichelewa kwa sababu ya kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimhudumia mstaafu mmoja, mtu mpole, fundi wa magari jeshini. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo, nimejaa ari, na nilifundishwa kwamba masimulizi ndiyo tiba. Kwenye kikao cha tatu nikambana: ilikuwa wapi, mlikuwa wangapi, nani alikuwa kando yako. Alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Nani amekutuma?" Kisha akachukua kofia yake akaondoka, na sikumwona kwa miezi minne. Mkewe ndiye aliyenieleza. Alikuwa ameapa. Kuna Sheria ya Siri Rasmi, na kuna kiapo, na juu ya vyote kuna miaka ishirini ya kuambiwa kwamba mtu anayeuliza idadi na mahali ni jasusi. Nilikuwa nimemuuliza maswali yaleyale ambayo adui angeuliza.

Tangu hapo, nikiketi na mwanajeshi mara ya kwanza, naanza na maneno haya: "Sihitaji jina la kambi. Sihitaji tarehe, wala silaha, wala idadi. Nikikuuliza jambo ambalo kiapo chako kinakataza, niambie tu 'hapana', nami sitarudia." Mabega yao hushuka. Na kuna mengi ya kusema nje ya kiapo. Harufu si siri ya serikali. Saa si siri. Ndoto ya mtu ni yake. Ukweli kwamba hawezi tena kula nyama choma, mkazi wa Malili ambako kila kibanda cha pili kinachoma nyama, si siri ya mtu yeyote, na ndani ya sentensi hiyo moja nilipata njia ya kufikia jambo ambalo sajini hakuwa amemwambia mtu.

Familia nazo zina siri walizotwishwa bila kuapa. Baada ya El Adde idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa kwa wananchi, na baadhi ya miili ilihitaji vipimo vya vinasaba kabla ya kutambuliwa. Mjane anayengoja majibu ya maabara hajui aomboleze au aombe arudi. Haonekani mahali popote kwenye fomu zetu. Fomu huuliza ameolewa, hajaolewa, amefiwa. Nilikaa na mmoja wao ambaye kwa muda mrefu aliendelea kuchaji simu ya mumewe iliyobaki nyumbani. Hakuniomba nimshauri aache. Aliomba tu nikae naye siku atakayoacha, na siku hiyo ilipofika tulikaa, akaizima, akaiweka kwenye kabati ya vyombo nyuma ya sufuria kubwa za sherehe.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni karatasi, na sioni haya kusema hivyo. Mtu hapati usingizi huku pensheni imekwama. Mwanajeshi wa vyeo vya chini hustaafu akiwa bado kijana, watoto wako shuleni, na hupewa kiinua mgongo kwa mkupuo. Pesa hiyo ina marafiki. Inaliwa na kiwanja chenye hati bandia, na matatu iliyonunuliwa ikiwa imechoka, na ndugu wenye shida za kweli. Ikiisha, mke huuliza, na swali la mke linaingia katika kidonda kilekile kinachosema hustahili kuwa hapa. Sajini alikuwa na dai la ulemavu wa sikio ambalo lilirudishwa mara tatu na ofisi moja kwa sababu ya muhuri. Mara ya nne nilienda naye. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, yeye akiwa ameuegemeza mgongo kwenye ukuta, mimi nikiwa pembeni, nje ya mstari wa mlango. Tulipotoka na risiti mkononi alisema kwamba katika maisha yake ya uraiani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumlinda ubavu.

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Maveterani wa Kijeshi. Afrika Kusini waliitangulia mwaka 2011 kwa sheria inayotaja wazi ushauri na matibabu kwa maveterani wenye maradhi ya akili. Mwaka huohuo wa 2022 Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa. Sheria hizi nazibeba kwenye begi, nimezipigia mistari. Lakini kutoka kifungu hadi lango la mtu wa Malili kuna nauli, kuna foleni, kuna muuguzi mmoja wa akili anayehudumia watu wengi mno.

Hapa Makueni tuna bahati ambayo kaunti nyingi hazina. Taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei ilifanya kazi hapa kwa miaka, ikiwafunza wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa jamii, wachungaji na waganga wa kienyeji kutambua dalili na kuelekezana wagonjwa kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kuwaketisha waganga na wauguzi meza moja kuliwaudhi watu wa pande zote. Mimi naona ilikuwa busara kubwa, kwa sababu sajini, kabla ya kuniona mimi, alikwishaenda kwingine. Mama yake alitaka atakaswe. Wakamba wa zamani walimfanyia mtu aliyemwaga damu ibada ya ng'ondu, ili aweze tena kula na watoto na kulala nyumbani. Mchungaji wake alisema hayo ni ya giza. Yeye mwenyewe alikuwa katikati, anaogopa kumkosea mama na kumkosea Mungu.

Sikumchagulia. Nilimuuliza angetaka nini kitokee mwishoni mwa ibada yoyote ile. Alifikiri wiki nzima. Aliporudi alisema: "Nataka wazee waseme mbele ya watu kwamba nimerudi." Basi. Tulizungumza na mchungaji na mama mezani pa mama, na ikapatikana siku. Mchungaji aliomba, wazee wa ukoo wakasema, mbuzi akaliwa, na mama yake akamshika kichwa kwa mikono miwili akamwita kwa jina la utotoni. Sijui kama kitabu chochote cha tiba kina fomu ya jambo hilo. Usiku ule, mkewe aliniambia, alilala mpaka saa kumi na moja unusu.

Usiku uliofuata aliamka saa kumi.

Lazima niandike pia kuhusu jioni ambayo mkewe alinipigia akinong'ona, kwa sababu wapo watakaosoma sura hii wakiwa na jioni kama hiyo nyumbani. Sajini alikuwa ameanza kugawa vitu vyake: saa kwa kijana, koti la mvua kwa shemeji. Nilimuuliza kwa simu, bila kuzunguka: "Mzee, unafikiria kujiua?" Watu huogopa swali hili, wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Linampa mahali pa kuliweka wazo ambalo tayari analo. Alikaa kimya, kisha akasema ndiyo. Nilimwomba anipe mkewe, tukapanga nani atalala naye chumba kimoja, nini kiondolewe nyumbani, na nani atampeleka hospitali asubuhi. Wakati huo kifungu cha 226 cha sheria za adhabu kilikuwa bado kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na ndiyo hofu iliyomfanya mkewe anong'one. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilimtumia mkewe habari hiyo siku ileile. Alijibu kwa neno moja la Kikamba la shukrani, kisha dakika chache baadaye akaongeza: "Kumbe ningeweza kupiga kelele."

Sasa tuna kikundi. Wanaume saba, wakati mwingine kumi, Jumamosi moja moja chini ya mgunga. Kule Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi wazee kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza majirani zao, na tiba hiyo imepimwa ikaonekana inafaa. Sisi hatuna benchi, tuna viti vya plastiki, na hakuna anayekubali kukaa akiwa ameupa mgongo barabara, kwa hiyo duara letu lina umbo la mwezi mchanga. Hawasimulii vita. Wanazungumza kuhusu kuku, karo, maumivu ya magoti, na saa. "Wewe leo?" "Saa kumi na dakika ishirini." "Umeendelea." Wanaandika kwenye daftari la shule, safu moja kwa kila mtu. Kwa sajini tumekuwa tukiisogeza ile saa dakika kumi kumi: akiamka, abaki kitandani dakika kumi akipumua polepole kabla ya kuzunguka boma, mwezi uliofuata dakika ishirini, kisha azunguke mara moja badala ya mbili, kisha mkewe aamke naye awashe jiko. Imepita zaidi ya miezi kumi. Sasa hutoka saa kumi na moja kasorobo, na hasimami tena kwenye tangi, hukaa jikoni.

Majuzi alinipigia yeye mwenyewe. Hakuniita daktari, aliniita mwiitu wakwa, binti yangu. Alisema kuna mtu upande wa Salama, walikuwa kikosi kimoja, hatoki nje mchana, na mkewe amechoka. Alinielekeza njia, ambayo sitaiandika. Kisha akanipa maagizo, polepole, akihakikisha naandika: nisiende jioni, nisimame mbali na lango mpaka niitwe, nisimuulize walikuwa wapi. "Muulize anaamka saa ngapi," alisema. "Na akikuletea kiti, kaa palepale atakapokiweka."